Anayepanda Aambiwe

Nakumbuka Jumamosi moja pale Nyegezi, Mwanza, ukumbi umejaa vijana, nami nimesimama mbele na karatasi mkononi, natoa sababu za kuwazuia watu wasiende Mwezini. Mwanangu, usicheke. Wewe ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na ingawa sijafikia umri wa kuitwa mzee, umeniuliza swali la kuulizwa wazee: uende kusomea urubani, au uache kwa kuwa mama yako anaogopa ndege? Nimekaa na swali lako wiki nzima. Unanijua, hata kuchagua nyanya sokoni kunamaliza asubuhi yangu. Basi nitakujibu kwa kukusimulia jinsi alivyonikemea Bibi Veronika, bibi yetu mimi na mama yako.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza shahada ya fizikia, nasubiri ajira. Watu duniani walikuwa wanabishana kuhusu chombo kilichokuwa kikiandaliwa kuwapeleka watu wanne kuuzunguka Mwezi. Katika safari ya majaribio, bila mtu ndani, chombo hicho kilirudi ngao yake ya kukikinga na joto ikiwa imemeguka vipande. Wahandisi wake walisema sababu wameijua, na kwamba wangebadilisha njia ya kurudi ili ngao isiumie tena vile. Wengine waliosomea mambo hayohayo walisema hapana, ngao yenyewe ibadilishwe kwanza. Nasi tuliomaliza chuo tukaandaa mdahalo: binadamu waende sasa, au roboti ziendelee kutangulia? Nikapewa upande wa kuzuia. Sikuhitaji kubembelezwa.

Siku hizo Bibi alikuwa amefikia kwangu. Alitoka Misungwi akiwa njiani kwenda kisiwani Ukerewe kwa mdogo wake, Bibi Anastazia, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani. Kwetu mgonjwa wa namna hiyo hatumiwi salamu kwa simu. Ndugu anakwenda, anakaa naye, anamlisha. Mfuko wa Bibi ulikuwa tayari mlangoni, una khanga mpya, sukari na majani ya chai. Lakini kila asubuhi nilikuwa na neno. Leo upepo. Leo meli itajaa, watu wanakwenda harusini. Leo mawingu yale siyapendi. Babu alizama ziwani kabla sijazaliwa, nami niliurithi woga ule kama wengine wanavyorithi shamba. "Kesho, Bibi," nilimwambia. "Kesho utakwenda."

Siku ya mdahalo nilimchukua twende wote. Watu waliniona mjukuu mwema. Ukweli ni kwamba nilihofia nikimwacha nyumbani ataita bajaji impeleke bandarini.

Nilizungumza vizuri, naweza kusema. Niliwaeleza joto la kurudi duniani, nikawakumbusha watu waliokwisha kufa katika vyombo vya aina hiyo huku wakubwa wakiwa na haraka ya kuruka. Kisha akasimama Masanja, mcheshi mmoja niliyesoma naye, wa upande wa pili.

"Tukisubiri chombo kisicho na hatari, ndugu zangu, tutazeekea kwenye hivi viti vya plastiki," alisema. "Na Neema msimsikilize sana. Huyu hata bajaji ikianza kuteremka mlima wa Bugando anaomba ashushwe atembee!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kilichoniuma ni kwamba ni kweli.

Mwenyekiti alipokaribisha maswali, niliona mkono wa Bibi juu. Alisimama taratibu, akaweka khanga sawa begani.

"Shikamoo, bibi," Masanja alimwahi. "Uko upande gani, wetu au wa Neema?"

"Marahaba, baba. Mimi niko upande wa bandarini."

Wakacheka tena, wakidhani ni utani. Mimi sikucheka.

"Nauliza," Bibi akanigeukia. "Hao watu wanne wameelezwa habari za hiyo ngao?"

"Wameelezwa, Bibi. Na wamesema watakwenda."

"Hawakufichwa?"

"Wanaobisha wanabisha hadharani. Kila mtu anasikia."

"Afadhali yao," alisema. "Mume wangu hakuambiwa. Mwenye mtumbwi alijua mbao za chini zimeoza, akanyamaza kwa kuwa soko lilikuwa linasubiri samaki. Mume wangu angejua, labda asingepanda. Labda angepanda, maana alikuwa mbishi. Lakini angekuwa amechagua yeye."

Hapo hata mtunza muda alisahau kugonga meza.

"Kwa hiyo kuuliza habari za ngao unafanya vizuri, mjukuu wangu. Uliza, usikubali kunyamazishwa. Lakini mimi umekwisha kuniambia. Upepo umeniambia, meli kujaa umeniambia, hata mawingu umenisomea kwenye simu. Nimesikia yote. Mdogo wangu amelala kule, na wewe umenifungia hapa kana kwamba mimi ndiye wa kwenda Mwezini."

Mwanangu, sikumbuki nani alishinda mdahalo ule.

Asubuhi iliyofuata tulipanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, mimi na yeye. Nilimuuliza baharia majaketi ya kujiokolea yako wapi, akanionyesha. Nikamuuliza tena, akanionyesha tena, safari hii akicheka. Nilivaa langu na kumvalisha Bibi lake juu ya khanga. Alilalamika kwamba linamnenepesha. Tulipofika mahali ambapo Mwanza imekuwa vilima vidogo nyuma yetu, nilimuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana," alisema. "Nishike mkono."

Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kwamba naye anaogopa.

Bibi Anastazia alimpokea kwa kumsuta. "Umekuja kwa miguu? Mbona umechelewa hivi!"

"Nilikuwa kifungoni kwa huyu," Bibi alijibu, akaketi kitandani, akachukua bakuli la uji na kuanza kumlisha. Alimlisha hivyo kila siku, hadi siku mdogo wake alipofariki akiwa ameegemea bega lake. Zile asubuhi nilizosema "kesho" huwa zinanirudia, na kila zikirudi nashukuru kwamba Bibi aliinua mkono ule.

Basi nasaha yangu ni hii. Mama yako akikueleza hofu zake, msikilize mpaka amalize, usimkatize kwa kicheko kama Masanja, kwa maana anakuonyesha ngao ilipomeguka. Hofu zangu nimekwisha kukuandikia katika ujumbe wa juzi, na najua ulikuwa mrefu. Ukishasikia yote, chagua wewe. Sitakuambia uende wala ubaki. Na ukiwa rubani, ukaona kasoro katika ndege yako, sema kabla abiria hawajapanda, hata kama soko linasubiri. Kumwambia mtu hatari iliyoko mbele yake ni kumpenda. Ukishamwambia, mpishe njia, au panda naye.

Mungu akupe macho ya kuona kilichooza kabla hakijazama, akupe na ulimi wa kukisema. Akujalie watu wa kukushika mkono katikati ya maji na katikati ya mawingu. Uende salama, mwanangu, urudi salama, nasi utukute hai tukikungoja.