Mkalimani wa Kawempe

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumapili, Nashon Omolo alisema "mimi" bila kujimaanisha. Mchungaji alipohubiri kwa Kiluo, "Mimi ni mwenye dhambi," Nashon, akiwa amesimama nyuma ya bega lake, aliwageukia askari wa kambi ya jirani na wake zao akasema kwa Kiswahili, "Mimi ni mwenye dhambi." Mchungaji akilia, naye sauti ilimtetemeka. Ndivyo alivyofundishwa: mkalimani hasemi "anasema kwamba". Hubeba neno la mwenzake kama lilivyo na kulifikisha.

Alitoka Alego, upande wa Kenya, akafika Kampala kijana wa kubeba mizigo. Baadaye akauza vitambaa katika duka la Mhindi pale Wandegeya. Mwaka 1972 Mhindi alifukuzwa nchini pamoja na wenzake, duka akapewa meja mmoja, na kabla ya miezi mitano kwisha rafu zilibaki na boksi moja la vifungo. Nashon akahamishia cherehani yake barazani kwake Kawempe, akashona sare za shule. Watu walimwita Mwalimu kwa sababu ya kanisa.

Hakuwa shujaa, na asije mtu akamfanya shujaa. Aliogopa magari yasiyo na namba, yale yaliyokuwa yakichukua watu. Aliogopa kucheka kwa sauti barabarani. Mkewe, Nabwire, alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu wangu akiona mende, anaomba kwanza ndipo akimbie." Nashon alikuwa akicheka kidogo, kisha akiangalia mlangoni.

Juni ya mwaka 1974, Aloyo, mtoto wa jirani yao Atim, alishikwa na homa. Alikuwa na miaka sita. Baba yake, konstebo, alikwenda kazini siku moja mwaka uliotangulia asirudi. Atim alimbeba mtoto mpaka zahanati, akapewa kikaratasi kilichoandikwa kwinini, akaambiwa akaitafute mwenyewe. Alizunguka mji mzima siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu mtoto akakata roho.

Walitaka kumpeleka kwao Lango, lakini petroli haikupatikana, na kwenye vizuizi vya njiani jina la kwao, alikotoka rais aliyepinduliwa, lilitosha kumshusha mtu garini. Kanisa likatoa mahali pa kuzikia.

Mjomba wake Atim, Obwona, alikuja kwa baiskeli kutoka Ggaba. Alikuwa mbunge mpaka wanajeshi walipotwaa serikali na kulifunga bunge. Sasa alichuuza samaki, koti lake lilinuka samaki, na hakulala nyumba moja mara mbili mfululizo. Nashon alimvuta pembeni.

"Mheshimiwa, tusali tu, tuzike."

"Usiniite hivyo, Mwalimu. Bungeni siku hizi wanakaa popo."

"Basi, mzee. Nakuomba."

"Mtu hazikwi bila jamaa yake kusema kilichomuua. Huyu baba hana. Nani aseme, kama si mimi?"

Desturi ni desturi.

Obwona alikuwa na kifua kibovu, kwa hiyo alizungumza ameketi kwenye kigoda kando ya jeneza, jamaa wamemzunguka, sauti ikitoka chini kwa Kiluo cha Lango, ndugu wa kile cha Alego. Nashon alisimama juu ya tofali ili wote wamsikie, kwa maana walikuwepo Waganda, Wakenya na watu wa kambini.

"Nilipokuwa bungeni," alisema Obwona, "niliuliza dawa zitatoka wapi, nikaambiwa ningoje. Waliokuja baada yetu wakaahidi zaidi, na dawa hakuna."

Nashon aliwageukia watu. "Nilipokuwa bungeni," akasema kwa Kiswahili, "niliuliza habari za dawa. Serikali inajitahidi."

Waliojua lugha zote mbili wakainamisha vichwa. Aliyesema ni Atim, pale mkekani, bila kuinua uso. "Mwalimu, mtoto wangu anasikia."

Nashon akaanza upya. Obwona akaendelea, sentensi kwa sentensi, na safari hii Nashon hakupunguza neno.

"Tuliahidiwa zahanati karibu na kila mlango. Zahanati ipo, bendera ipo, kwinini haipo. Tuliahidiwa kwamba maduka yakiwa yetu tutashiba. Sasa maduka ni yetu. Chumvi ni ya nani? Madaktari wamekimbia, na anayeuliza kwa nini wamekimbia, naye hutafutwa. Mimi niliketi bungeni miaka minane, ninajua ahadi inavyoandikwa. Mtoto huyu hakuuawa na homa. Ameuawa na ahadi."

Ilikuwa sauti iliyozoea kanisa lisilo na kipaza sauti. Ilifika barabarani, lilikosimama gari jeupe lisilo na namba, na wanaume wawili waliovaa mashati ya maua walikuwa wameshuka. Wao Kiluo hawakukijua. Walichoona ni mtu mmoja juu ya tofali, akisema alikuwa bungeni.

Nashon aliwaona kabla ya sala ya mwisho. Hata hivyo aliitafsiri, mpaka amina.

Udongo ulipokwisha kurudishwa kaburini, wale wawili wakamwita. "Wewe! Kuja hapa."

Koplo Wahabi, jirani Mwislamu aliyeshiriki kuchimba kaburi, akajitia katikati akicheka. "Afande, huyu mtu ya kanisa tu. Kazi yake kuongea. Hata bibi yake hamsikii!"

Hawakucheka. "Wewe nasema ulikuwa mbunge. Hii maneno ya dawa, ya chumvi, ni yako?"

Obwona alikuwa ameketi hatua tano tu kutoka pale, udongo bado mikononi. Neno moja lingetosha: nimetafsiri. Na swali la pili lingekuwa: umemtafsiria nani? Nashon aliwaza kwamba yeye ni Mkenya, ana kitabu cha kusafiria; labda wangempiga kisha wamwachilie. Obwona wasingemwachilia. Alimtazama Nabwire. Uongo hakuuzoea, na hakutaka kuuanza penye kaburi.

"Maneno yametoka kinywani mwangu, afande," akasema.

Obwona alitaka kusimama. Atim akamshika koti kwa mikono miwili, akamkalisha chini, na Wahabi akasogea mbele yao kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nashon alipofika garini miguu ilimkatalia kabisa. Walimwinua, wakamwingiza kama gunia. Nabwire alikimbia nyuma ya gari mpaka njia panda, akiita jina lake.

Akaenda na kile kitabu cha kusafiria cha mumewe, kituo cha polisi baada ya kituo. Kila mahali walikipekua, wakamrudishia, wakasema mtu huyo hawamjui. Mpaka leo Mungu peke yake ndiye ajuaye alipomlaza mtumishi wake.

Obwona alivuka mpaka wa Kenya wiki ileile, ndani ya lori la samaki. Hakupumzika Kisumu. Alishika njia mpaka Alego, akamtafuta mama yake Nashon, akaketi naye chini, akamweleza yote kwa lugha yao, tangu tofali hadi gari.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Tangu utoto alikuwa mwoga, yule. Aliogopa sana?"

"Sana, mama," alisema Obwona. "Aliogopa sana."