Leseni kwa Jina Langu

Mama alirudi Kisarawe kutoka kambi ya wakoma akiwa na cheti cha daktari kwamba amepona. Alikuja na wenzake wanne waliokataliwa kwao. Cheti hakikumsaidia mtu. Jirani tuliyechota naye maji tangu utoto wangu aliniomba kwa upole tutafute kisima kingine. Mume wangu alivumilia mwezi mmoja, kisha akaenda kwa ndugu zake, asirudi.

Nikabaki na watu watano wa kulisha, na muhogo wangu umeliwa na nguruwe. Kazi waliyoijua ni kamba. Kambini walikuwa wakifukia makumbi ya nazi topeni hadi yalainike, wakiyaponda kwa rungu, kisha wakisokota nyuzi zake juu ya paja. Kazi hiyo haidai vidole, kiganja kinatosha.

Mchungaji wetu akaleta shauri: kazi ile iwe ya huruma chini ya usharika, waumini wachange unga, na kamba apewe yeyote atakayetoa sadaka. Nilimshukuru kwa machozi. Lakini mzee mmoja Mzaramo, aliyekuja na mama, alingoja mchungaji aondoke.

"Mwanangu," akasema, "wakichoka kutuhurumia tutakula nini? Utufanye wafanyakazi wako. Mfanyakazi anaweza kudai."

Nikatamani basi tuwe chama cha ushirika, kila mmoja awe mwenye mali. Nikaenda bomani. Karani alinisikiliza vizuri, akaeleza kwamba tulikuwa wachache mno, tena kila mwanachama lazima atie sahihi au dole gumba. Nikamwambia wawili hawana dole gumba. Aliiweka kalamu yake chini. Kisha akasema kilichobaki ni leseni ya biashara, kwa jina la mtu mmoja. Nikaandikisha langu. Nilitoka pale nimekuwa tajiri wa mama yangu mzazi, naye ni kibarua wangu.

Nyumbani niliwaahidi kwamba faida tutagawana. Walikubali wote, ila mama aliendelea kusokota.

Mwenye duka mmoja wa Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, alinunua kamba zetu za vitanda kwa miezi kadhaa bila kuuliza. Halafu mtu akamnong'oneza. Siku hiyo nilifika na mzigo mpya kichwani, nikakuta kamba zetu zimerundikwa nje juani. Hakunitukana. Alisema tu kwamba wateja wanarudisha. Aliongea akirudi nyuma, na mimi sijaugua ugonjwa ule hata siku moja.

Nikamrudia mchungaji. Alisikitika kweli, lakini unga ulikuwa umeshaahidiwa wajane, na watu wangeuliza biashara yenye leseni inaombaje sadaka. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Tukachimba ndiga, viazi vya porini, tukiziloweka siku nyingi ili sumu itoke. Mama akaanza kusema ameshiba kabla hajala. Nilijua anadanganya, lakini fungu lake nikawagawia wengine, kwa sababu chakula hakikutosha.

Asubuhi moja nikamkuta amefunga kifurushi chake. Alisema anarudi kambini, kule ambako angalau chakula kipo.

"Mama," nikamwuliza, "nilikosea kuchukua leseni?"

Alikaza fundo la kifurushi.

"Sijui, mwanangu. Nilipenda zile siku ulizotulipa."

Akaondoka na wenzake wawili. Sikumzuia, ningemzuia kwa kitu gani?

Haukupita muda, fundi mmoja wa ujenzi akapita akitafuta kamba za kufungia majukwaa ya kujengea. Nilimweleza wazi ni akina nani wanaozisokota, maana sikuwa tena na nguvu ya kuficha. Akaivuta moja kwa uzito wake wote, isikatike. Alichukua zote, akaagiza nyingine nyingi.

Nikatuma ujumbe kambini mama arudi. Jibu likaja kwamba yuko kitandani, hawezi safari. Nilitaka niende siku ileile. Lakini agizo lilikuwa kubwa, nasi tulibaki watatu, na leseni ilikuwa na jina langu. Nilikwenda baada ya kumaliza kazi. Nilichelewa, nikaonyeshwa kaburi.