Masikio ya Cucu na Mabwana Wawili wa Twiga

Asubuhi za Ruiru, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, zilinuka maganda ya kahawa. Yalimwagwa nje ya kiwanda ng'ambo ya mto, yakarundikana na kuoza, na harufu yake, nusu tamu nusu chachu, ilitufuata kilimani mpaka mlangoni mwa shule. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani kwetu tukabanwa pamoja katika kijiji kilichozungukwa na handaki, na hata mtoto mwenye kibao cha kuandikia mkononi alisimama langoni mpaka homugadi, mlinzi wa serikali, amruhusu kupita. Walimu wetu wawili walikuwa wamechukuliwa kwa lori kupelekwa kizuizini, na nyumbani tulikatazwa kutaja majina yao. Nafasi yao ilijazwa na mtu mmoja, Mwalimu Zakaria, kutoka Maragoli, magharibi mwa nchi, mrefu na mwembamba, ambaye mifuko ya koti lake ilikuwa myeupe kwa vumbi la chaki. Hakujua Kikuyu, nasi Kiingereza chetu kilikuwa cha kukwamakwama, kwa hiyo jambo gumu alilieleza kwa Kiswahili, polepole, akituangalia usoni mmoja mmoja kuona kama limeingia.

Siku moja ya mvua ya masika, katika somo la viumbe, alichora twiga ubaoni. Alitwambia kwamba zamani, huko Ulaya, mabwana wawili walijiuliza twiga alipataje shingo ndefu vile. Wa kwanza, Mfaransa, alisema twiga wa kale alikuwa na shingo fupi, akawa anajinyoosha kila siku kufikia majani ya juu, shingo ikarefuka kidogo, na urefu ule akaurithisha watoto wake. Wa pili, Mwingereza, alikuja baadaye akasema twiga huzaliwa wakiwa tofauti tofauti. Ukame ukija, wenye shingo fupi hufa kwa njaa, na wale warefu hubaki kuzaa watoto wanaofanana nao. Tukangoja atuambie yupi mkweli, kwa maana ndivyo tulivyozoea. Mwalimu alifuta mikono kwenye koti. "Mimi siwaambii," alisema. "Nendeni nyumbani, tazameni watu na mifugo, kisha mje mniambie mtajuaje." Darasa zima lilimwunga mkono Mfaransa. Njoroge, ambaye baba yake alichonga mawe machimboni, alisimama akasema watoto wa wachonga mawe wana mikono minene kuliko watoto wa makarani, na sisi wa makarani tukaona haya.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu wa Mfaransa. Jioni hiyo, kabla ya giza, nilikuwa nampaka Cucu mafuta. Cucu, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa mama yake baba, naye alibeba ndewe za kikwetu za zamani, ngozi ya masikio iliyotobolewa na kunyooshwa kwa vijiti mpaka ikaning'inia karibu na mabega. Alipolima aliikunja na kuitundika juu ya sikio isimsumbue. Mikono yangu ilisimama pale pale.

"Cucu, mama yako alikuwa na ndewe kama hizi?"

"Ndefu kuliko hizi."

"Na mama yake?"

"Wote, mpaka huko nyuma nisikokujua. Unauliza nini, mtoto wewe?"

"Ulizaliwa nazo?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kai! Nani anazaliwa hivi? Nilizaliwa na masikio kama yako. Nilitobolewa nikalia, na baba yako nikamtoboa akalia zaidi yangu."

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa na mzee wa kanisa, na siku alipobatizwa alikuwa amekwenda kwa daktari wa misheni akashonwa masikio. Makovu yalibaki, mistari miwili myembamba. Niliona mkono wake ukipanda kuyagusa.

Kesho yake nilisimama darasani. Nilisema kwamba watu wetu wamenyoosha masikio tangu zamani isiyojulikana, mama na mtoto na mjukuu, na bado kila mtoto huzaliwa na masikio mazima. Kama Mfaransa alisema kweli, mimi ningezaliwa na ndewe. Mwalimu Zakaria aliweka chaki chini. Alinitaka nirudie, nikarudia. Akasema, "Sikuwa nimelifikiria hilo," na maneno hayo sikuwahi kuyasikia kutoka kwa mtu mzima yeyote. Njoroge akaruka: kwa hiyo Mwingereza ameshinda! "Hapana," Mwalimu alimjibu. "Wanjiru amemtia Mfaransa mashakani. Mwingereza naye bado ana deni la kutueleza kwa nini watoto hufanana na wazazi, na hilo alipokuwa hai halikumnyookea." Tulibishana mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyetaka kutoka.

Lakini maneno hupita langoni bila kuombwa kipande, kibali cha kupita. Kabla ya wiki kwisha kijiji kizima kilisikia kwamba Mmaragoli anawafundisha watoto kuwa wazee wao walikuwa nyani. Kamati ya shule iliitwa Jumamosi, na baba alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Nyakati zile mwalimu aliyepelekwa mbele ya kamati aliweza kuondoka pale bila kazi, au vibaya zaidi, jina lake likapelekwa kwa bwana shauri, mkuu wa serikali wilayani. Baba aliniita. "Nataka ukweli. Mwalimu alisema watu walitoka kwa nyani?" Nilimwambia hakutaja watu hata mara moja, ila twiga tu, na habari za masikio nilizileta mimi. Cucu alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. "Kama ni masikio yangu yanayoshtakiwa," alisema, "basi nitakuja nayo."

Alikuja kweli, nami nikachungulia dirishani. Yeye ambaye hakuwahi kukanyaga shule wala kanisa aliketi benchi la nyuma na shuka lake, ndewe zikining'inia, na wazee wa kanisa hawakujua watazame wapi. Mchungaji, mwenyekiti wa kamati, alimwuliza Mwalimu kwa nini anafundisha mambo yasiyo kwenye mpango wa masomo, tena ya kupingana na Biblia. Mwalimu Zakaria alisimama, mikono nyuma. "Mchungaji, niliwapa watu wawili wanaopingana wao kwa wao. Nilitaka watoto wajifunze kupima neno la mtu mkubwa." Katika miaka ile hilo lilikuwa jambo zito zaidi kulisema kuliko nyani wote wa dunia.

Baba ndiye aliyefuata kusimama. Aliongea akitazama sakafu. "Mimi masikio ya mama yangu nimeyaonea haya tangu nibatizwe. Binti yangu aliyatazama akafikiri. Mwalimu aliyemfundisha hivyo, mimi sitapiga kura aondoke."

Hakuondolewa. Alionywa afuate mpango wa masomo, akaufuata, na twiga hakuchorwa tena. Mwaka ulipokwisha alihamishiwa kwao, na sikumwona tena. Tangu siku ile ya kamati baba alianza kumsindikiza Cucu sokoni Thika, wakitembea bega kwa bega mbele ya watu.

Sasa mimi ni bibi kizee ninayeishi Kiganjo, mwalimu mstaafu, na mjukuu wangu Shiro anasomea mtihani wa biolojia mezani kwangu. Kitabu chake kinawamaliza mabwana wale wawili kwa ukurasa mmoja, mmoja alikosea, mwingine alipatia, na hakuna kamati inayokutana kwa sababu yao. Nilifurahi kuona hivyo, nikamsimulia. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na huyo teacher wenu, yeye alikuwa upande gani?"

"Hakutuambia."

"Ai, Cucu! Sasa kwa exam mliandika nini?"

Nilimwambia kwamba swali hilo halikuwahi kuja kwenye mtihani wetu, na kwamba katika yote niliyosoma shuleni, hilo ndilo somo pekee ninaloweza kulisimulia lote mpaka leo. Alifunga kitabu, akavuta kiti chake karibu na changu.