Makadirio ya Jengo la Kufulia

Kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa mbwa, na kuna Mama Muhuri, aliyeogopa kila kitu chenye sahihi. Jina hilo alipewa na wenzake wa hospitali, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake ikaondoka bila kugongwa muhuri, hata ile ya kuagiza sabuni ya kusugulia sakafu. Miaka kumi na tisa alikaa stoo akihesabu mashuka na ndoo. Kisha afisa manunuzi msaidizi akastaafu, na mkuu wa manunuzi, ambaye wote walimwita Bosi, akamwita ofisini na kumwambia, "Mama, wewe huibi na huchelewi. Njoo ukae hapa." Basi akakaa. Kufundishwa kazi yenyewe kungekuja baadaye.

Kulikuja baada ya miezi minane. Barua ilisema ni mafunzo ya siku tano, kuanzia Jumatatu tarehe kumi: ununuzi, zabuni na usimamizi wa gharama za miradi, na kila mshiriki aje na kazi halisi kutoka ofisini kwake. Wenzake walibeba mafaili ya zamani, ya miradi iliyokwisha kuota majani. Mama Muhuri naye aliyafungua ya zamani, akakuta kurasa zimepungua, akaogopa kuchekwa na watu wazima wenzake. Kwa hiyo akachukua lililo safi kuliko yote: makadirio ya gharama za jengo jipya la kufulia nguo za hospitali, kurasa kumi na nne alizozichapa mwenyewe. Zabuni ya jengo hilo ilikuwa imetangazwa gazetini wiki tatu nyuma na bahasha zilikuwa zikiingia sandukuni. Akabandika karatasi nyeupe juu ya jina la hospitali, akajiona mjanja. Hebu niambie, hospitali ngapi za mji ule zilikuwa zinajenga jengo la kufulia?

Usimcheke sana lakini. Kule ofisini makadirio hayo yalilala juu ya meza ya Bosi kama gazeti la jana, wageni wakiwekea vikombe vya chai juu yake. Nani angemwambia kwamba ni siri?

Mkufunzi alikuwa mama mmoja mstaafu, mkadiriaji wa majengo, mwenye miwani ya kamba shingoni na ulimi usiojua kubembeleza mtu. Siku ya pili, Jumanne, alimsimamisha Mama Muhuri mbele ya darasa. Alianza akiwa ameshikilia meza. Akaeleza msingi, nondo, mabomba, boila la kuchemshia maji, na kufika kwenye mitaro ya maji machafu sauti ikawa imenyooka. Jumla akaiandika ubaoni kwa tarakimu kubwa: milioni mia nne kumi na mbili, laki sita na elfu arobaini. Mkufunzi akavua miwani. "Haya ndiyo makadirio ya mtu anayejua anachofanya," alisema, na darasa likapiga makofi. Mama Muhuri hakuwahi kupigiwa makofi tangu azaliwe. Saa ya chai alimpigia simu mumewe kumweleza, na mumewe, fundi viatu mwenye maneno mengi, akamwuliza kama sasa atakubali bado kula meza moja na yeye.

Nyuma yake darasani alikaa bwana mmoja asiyevua kofia ndani wala nje, wakamwita Kofia. Alikuwa amenakili kila mstari. "Umetusaidia sana, dada," alimwambia wakitoka. "Tarakimu zako zimekaa sawasawa." Mama Muhuri akashukuru kwa moyo mkunjufu.

Alhamisi mkufunzi aliingia na somo jipya. "Makadirio ya mwenye mradi ni siri mpaka bahasha ya mwisho ifunguliwe," alisema huku akifuta ubao. "Mzabuni akiyajua, hakuna mashindano tena hapo, ni maigizo. Na aliyeyatoa nje anapoteza kazi, na akikosa bahati anakwenda jela." Wengine waliandika. Mama Muhuri alibaki na kalamu hewani. Ubaridi ulimshuka kutoka shingoni hadi kwenye nyayo. Alijiambia: darasani hapa wote ni watumishi wa ofisi kama mimi, hakuna mzabuni, tulia. Karatasi ya mahudhurio ikamfikia. Akatafuta sahihi ya Kofia, na pembeni yake akaona jina la kampuni ya ujenzi. Kampuni hiyo yeye mwenyewe aliiuzia nyaraka za zabuni ya jengo la kufulia. Risiti yao aliigonga muhuri.

Alikwenda chooni, akafunga mlango, akakaa mpaka mtu akagonga. Alikuwa na hofu, hofu ile ya kumfanya mtu mzima atake kumwita mama yake. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umebaki astaafu.

Alimfuata mkufunzi peke yake kwenye ngazi. "Mwalimu, kuna mtu namfahamu," alianza.

"Ehe, huyo mtu."

"Alitoa makadirio bila kujua. Bahasha bado hazijafunguliwa."

Mkufunzi alimtazama, na pale pale akajua huyo mtu amevaa gauni gani. "Kumbe ile kazi ya Jumanne bado iko hai," alisema taratibu. "Nami nikaisifu, sikuuliza. Mwambie huyo mtu aandike barua, aeleze lini, wapi na mbele ya nani, ampe mkuu wake kabla ya ufunguzi. Mkuu atasimamisha zabuni, makadirio yatafanywa upya. Akiandika kabla, ataitwa mjinga. Akikutwa baada, ataitwa mwizi."

"Kwa hiyo mjinga."

"Mjinga, mama. Na mimi nitasema kwamba alikuwa mwanafunzi wangu."

Ijumaa jioni alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mumewe, akakaa juu ya kigoda cha wateja na kummwagia yote. Mumewe aliendelea kushona soli. "Kaa kimya," alisema. "Jumatatu itapita kama Jumatatu nyingine. Nani atajua?"

"Na yule wa kofia akija na bei yetu?"

Sindano ikasimama. "Basi andika," alisema mwishowe. "Wakikufunga, nitakuja kukutengenezea viatu vya wafungwa bure." Mama Muhuri akacheka, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio, na mumewe akaweka kiatu cha watu chini akamshika bega.

Barua aliiandika mara nne.

Jumatatu ufunguzi ulikuwa saa nne asubuhi. Saa mbili na nusu alikuwa mlangoni kwa Bosi, kijasho chembamba kinamtiririka mgongoni. Alijikaza kisabuni, akamkabidhi karatasi na kusimama akisubiri radi. Bosi alisoma. Alipofika katikati alishusha pumzi, na uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa umekunjamana, ukafunguka. "Umefanya jambo la kiungwana, mama," alisema. Akaikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Sasa tunasimamisha zabuni?"

"Watu wameshafika. Tufungue kwanza, tutaona. Wewe ndiye msomaji, nenda kajiandae."

Alitoka akiwa mwepesi, Mungu wangu, karibu aimbe. Wepesi huo ulimfikisha nusu ya korido. Pale ndipo alipojiuliza mtu anafurahia vipi barua kama ile, na kwa nini asisimamishe kitu ambacho hata mkufunzi alisema kinasimamishwa. Hofu ikarudi, na safari hii hakujua anaogopa nini.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, sanduku la bati lenye kufuli mbili, na viti vya wazabuni ukutani. Kofia alikuwepo, kofia kichwani. Kiti cha mbele alikikalia mkandarasi mnene mwenye saa inayong'aa, aliyeingia na kutoka ofisini kwa Bosi miaka yote. Yule hakuwa na mtu yeyote katika mafunzo. Mwishoni mwa meza mkaguzi wa ndani wa hospitali, dada mkimya aliyeandika bila kuinua kichwa, ndiye aliyechukua kumbukumbu. Kufuli zilifunguliwa. Bahasha zilikuwa nne.

Msomaji husoma mambo manne: jina la kampuni, bei, dhamana ya benki, na tarehe fomu yenye bei hiyo iliposainiwa mbele ya wakili. Bahasha ya kwanza ilikuwa ya kampuni ya Kofia. Aliichana, akatafuta bei huku amebana pumzi. Milioni mia nne hamsini na tisa. Akairudia kimoyomoyo. Ilikuwa mbali na ubao wa Jumanne, mbali kabisa. Bwana wa watu hakuchukua kitu, na yeye kwa siku nne alikuwa amemlaani hata kofia yake.

Ya pili ilikuwa juu zaidi. Ya tatu ilikuwa ya mkandarasi mnene. Mama Muhuri alisoma jina, akasoma bei kabla akili haijafika: "Milioni mia nne kumi na mbili, laki sita na elfu thelathini."

Ilipungua ile jumla ya ubaoni kwa elfu kumi tu. Alimtazama Kofia, na Kofia alikuwa akimtazama yeye, mdomo wazi, maana naye aliikumbuka ile jumla.

Bosi alisimama. Hakuonekana kushangaa hata kidogo. "Ndugu zangu, nasikitika," alisema, mkono ukiingia ndani ya koti. "Bei hii imekaribiana mno na makadirio yetu. Sitaki maneno ya pembeni baadaye, kwa hiyo nasema sasa. Mtumishi wetu mmoja aliyatoa makadirio nje, na amekiri kwa maandishi." Akaitoa barua na kuinyanyua. "Mzabuni hana kosa. Mtumishi atachukuliwa hatua. Sisi tuendelee."

Watu wakageuka kumtazama Mama Muhuri. Jumba bovu lilikuwa limemwangukia, tena kwa kamba aliyoivuta mwenyewe. Aliona miaka kumi na tisa ya mashuka na ndoo ikienda, akaona kibanda cha mumewe, akaona mlango wa chuma. Alitaka kukimbia. Alitaka kusema "si mimi," lakini barua ilikuwa na mwandiko wake. Kilichobaki mkononi ni fomu ya yule mkandarasi, na alikuwa bado hajamaliza kuisoma. Basi akaisoma, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa.

"Dhamana ya benki ipo," alisema, sauti ikiwa nyembamba kama uzi. "Fomu imesainiwa na kugongwa muhuri wa wakili tarehe tatu mwezi huu."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. "Rudia tarehe, mama."

"Tarehe tatu."

"Na wewe makadirio uliyatoa lini?"

"Tarehe kumi na moja. Darasani. Imeandikwa kwenye hiyo barua."

"Ni kweli," Kofia alisema kutoka ukutani, na kwa mara ya kwanza alikuwa amevua kofia. "Mimi nilikuwepo. Tulikuwa watu ishirini na wawili."

Mkandarasi mnene alianza kuikaza saa yake mkononi. Mkaguzi alinyanyuka, akaizunguka meza yote ile ndefu na kunyoosha kiganja mbele ya Bosi. "Naiomba barua," alisema.

Bosi hakuitoa upesi. Mama Muhuri alikuwa bado anaogopa, tena sana, maana kosa lake lilikuwa kosa na hakuna aliyelifuta. Alivuta bahasha ya nne, akaichana, na kusubiri mkaguzi arudi kwenye kiti ili aendelee kusoma.