Sahani ya Mama Odeta

Sahani ya bati ikianguka kwenye simenti hulia mara mbili: kwanza kishindo, kisha mvumo unaozunguka mpaka uchoke wenyewe. Kila niusikiapo mvumo huo, hata nikiwa jikoni kwa watu, narudi mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, nikiwa na miaka tisa, katika Ramadhani moja ya miaka ya vita.

Nikueleze kwanza desturi yetu, maana bila hiyo hutanielewa. Jua likielekea milima ya Kongo, mama alipakua futari katika sahani tatu nne, akazifunika vitambaa, nami nikazipeleka kwa majirani. Kwa kuwa usiku hatukuruhusiwa kutembea, sahani zilitoka mapema, na harufu ya ndizi na samaki ilinitesa njia nzima na saumu yangu. Lakini sahani hairudi bure. Anayepelekewa huirudisha na kitu ndani: embe, vitumbua viwili, hata chumvi kwenye karatasi. Sahani tupu ni tusi. Jirani mmoja alituletea biskuti ngumu, zilezile kila mwaka, mama alizigonga mezani akasema, "Hizi zimeshahiji."

Mwaka ule katikati ya mwezi, mama aliongeza sahani moja, ya Mama Odeta. Huyu alikuwa amekimbia risasi kutoka mlimani, juu ya Kanyosha, na watoto wake wawili. Mzee Saleh, fundi wa magari, alimruhusu kutandaza shitingi, yaani turubai la plastiki la wakimbizi, kati ya magari mabovu uani kwake. Mtaa mzima uliwaita watu wa shitingi, kana kwamba plastiki ndiyo iliyowazaa. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akainama kidogo. Haikurudi.

Mama alinituma niiulizie.

"Ngoja kidogo, mutoto wangu," aliniambia. "Mwambie mama mi sikusahau."

Nilikwenda tena, jibu lilikuwa lilelile. Mara ya tatu, Idi imeshapita, nilitoka pale nimenuna. Bombani wasichana wakaniuliza nina nini.

"Mama Odeta amekula sahani yetu!" nikasema, nikatafuna hewa kama mtu anayevunja chuma kwa meno.

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Nilifurahi, nikarudia. Sikujua kwamba maneno ya bombani hufika nyumbani kabla ya maji. Kufikia alasiri, mama mmoja alikuwa amekumbuka kijiko chake, mwingine kanga iliyopotea kambani.

"Mutu wa njaa iko na haya?" aliuliza wa tatu.

Kila mtu aliona swali limeshajibiwa.

Ijumaa asubuhi Mama Odeta alisimama mlangoni kwetu, shitingi imeviringishwa kichwani, watoto wameshika nguo yake. Mzee Saleh alikuwa amemfukuza. Mikononi alikuwa na sahani yetu, imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa, na juu yake fungu dogo la lengalenga, yaani mchicha, mizizi imeoshwa, limefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Mama Zaina, unisamehe," alisema. "Nilizipanda siku ile ile, pembeni ya shitingi. Nilingoja zikue, nisikurudishie bure. Sasa ni leo naondoka, nimezing'oa vile ziko."

Mama aliitwaa sahani, akatoka nayo hivyohivyo hadi kwa Mzee Saleh, nami nyuma yake.

"Mi niko na vyuma humu, Mama Zaina," fundi alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini. "Leo sahani, kesho kabureta."

"Sahani si hii hapa?"

"Na kijiko? Na kanga? Apana. Mtaa mzima unasema."

Mama alitazama huku na huku, kama anayemtafuta huyo mtaa mzima. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kanga yake. Nilijua maneno yale yalianzia wapi, na yalianzia kwa nani. Neno moja tu lingetosha kuanza. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Tuliporudi, Mama Odeta alikuwa amekwisha kushika njia ya kusini, kule kule kwenye risasi alizozikimbia. Wiki ile milio ya bunduki ilisikika kila jioni kutoka milimani. Hatukupata habari zake tena.

Nilichokielewa siku ile ni kwamba alikuwa si mwizi. Mengine yalinichukua miaka, mpaka nami nikawa na watoto, nikapitisha miezi ya kuwapikia uji mwepesi na kuwaambia umeiva hivyo. Hapo ndipo nilipoziona vizuri zile lengalenga. Ziliota katika udongo wenye mafuta machafu, hatua moja kutoka mkeka wa watoto waliolala na njaa. Kila jioni mama yao aliwatazama wao, akayatazama majani, asiyachume. Sisi wenye nyumba tulidhani adabu inakaa chini ya mabati, haiwezi kukaa chini ya plastiki.

Ijumaa ile jioni mama alizipika lengalenga kwa mawese. Yeye hakuzigusa. Mimi nilikula, nikaomba niongezwe.