Medusa mwenye Rola Kichwani

Stamatia alizaliwa hapa hapa Plomari, na tangu afiwe na mumewe amekuwa akiwatengeneza nywele wanawake wa mji mzima. Mikono yake ni myepesi, ila jicho lake zito. Akikutazama umekaa vibaya kwenye kiti cha saluni, utajikuta umekaa vizuri kabla hujajua umefanya nini.

Ndiyo maana Myrsini, binti wa kaka yake aliyesomea uchoraji Athens, hakuhangaika kutafuta sura alipotaka kumchora Medusa, yule mwanamke wa hadithi zetu za kale mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye ukimtazama unageuka jiwe. Alimwomba shangazi yake akae dirishani amkazie macho kama anavyomkazia mtu aliyechelewa chakula cha Jumapili. Picha ni ya nani, hakumwambia.

Ilitundikwa katika ukumbi wa mji, kubwa kama mlango wa ghala. Siku ya kuifunua watu walijaa, wakingoja kishindo. Stamatia aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Myrsini, mwanangu, hawa nyoka kawachana nani?"

"Nyoka hawachanwi, shangazi."

"Wamekaa kichwani kwangu, watachanwa. Watu waseme natembea hivi, na saluni ninayo?"

Myrsini alijitahidi kumweleza habari za sanaa, lakini kesho yake alirudi ukumbini na brashi zake, akawafunga nyoka wote rola za rangi ya waridi.

Basi wanaume wa mgahawani wakapata mchezo. Stamatia akipita, wote wanaganda, mmoja kikombe mdomoni, mwingine karata hewani, na wa kwanza kutikisika ndiye aliyeshindwa. Mwanzoni alipita ameinua kidevu. Kisha siku moja akavuta kiti, akaketi katikati yao, akamla pweza wa kuchoma wa muuza viatu, kipande kwa kipande, bila haraka. Muuza viatu alilengwa na machozi ila hakusogea. Karani wa posta naye alinywewa uzo yake yote, ile pombe kali ya kwetu, akavumilia mpaka mama huyo alipoanza kula na zeituni zake, hapo akapiga yowe na kutolewa mchezoni.

Siku iliyofuata Stamatia alikuja na mkasi.

Wote walikimbia isipokuwa Stratis, fundi bomba, mjane aliyejulikana kwa jambo moja tu: kusema. Stratis alikuwa akiongea ndani ya mabomba ya watu, akiongea kanisani, akiongea peke yake akipanda ngazi. Alikuwa na masharubu mapana aliyoyatunza tangu alipotoka jeshini. Stamatia alisimama mbele yake na kuchezesha mkasi. Stratis kimya. Akakata upande wa kushoto. Stratis kimya. Akarudi nyuma kidogo, akapima kwa jicho, akakata na wa kulia. Nusu sharubu ikaangukia kwenye kahawa, na yule bwana hakupepesa hata ukope.

Stamatia aliweka mkasi mfukoni. Alikuja kusimulia baadaye kwamba moyo wake ulifanya kitu ambacho haukuwa umekifanya kwa miaka mingi, na kwamba kumwona mwanamume akinyamaza mbele yake muda wote ule kulimlainisha kabisa.

Wakaoana Septemba. Karamuni Stratis aliongea tangu supu mpaka matunda. Watu wakamtania kuwa ndoa kaipata kwa kuigiza jiwe.

"Nani kaigiza?" akawajibu. "Nyinyi mlikuwa mnacheza. Mimi nilimtazama usoni, miguu ikakataa. Mpaka leo sijui ilikuwaje."

Stamatia akaona haya, akajifanya anapangusa meza. Kisha akamwambia ale, samaki anapoa.