Dalali Anayeomba Maji

Mwishehe wa Visiga alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni kudadisi. Akikuta watu wanachimba kisima, lazima aulize nani kawaonyesha pale. Akienda msibani, atataka kujua marehemu jana yake alikula nini. Kwa hiyo alipoacha uashi akaenda kujifunza udalali wa mashamba na nyumba kwa Mzee Mwinyijuma wa Kisarawe, majirani walisema kazi imempata mwenyewe.

Enzi hizo za Mwingereza udalali haukuwa kazi ya kujitangazia barazani tu. Bomani walitaka leseni, na leseni haikutoka mpaka dalali mwenye leseni yake asimame mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aseme, huyu nimemfundisha, naye ameiva. Upande ule dalali wa namna hiyo alikuwa Mzee Mwinyijuma peke yake. Yeye akikunja uso, Mwishehe arudi kwenye udongo na mwiko wake.

Mzee alimfundisha kupima shamba kwa miguu, kutambua mnazi uliochoka, na kuwakalisha muuzaji na mnunuzi bila kuwagombanisha. Lakini jambo moja hakulieleza. Kila walipofika mahali panapouzwa, kabla ya kutazama chochote, mzee alikwenda kwa jirani akaomba maji ya kunywa, hata kama ametoka kunywa sasa hivi. Jirani akivuta kigoda wakazungumza, kazi iliendelea. Siku moja kule Dutumi jirani alimpa kata ya maji akabaki amesimama. Mzee akanywa, akashukuru, akashika njia ya kurudi. Shamba lenyewe hakulikanyaga.

"Mzee, maji yale yalikuwa na nini?" Mwishehe aliuliza njia nzima.

"Yalikuwa matamu," mzee akajibu.

Swali hilo lilimkereketa hata akaanza kuomba maji yeye mwenyewe kila alikopita, na taratibu akaelewa. Mwenye shamba atakusifia hata kichuguu. Jirani ndiye anayejua kama mahali pana ugomvi, na akijua kwamba upo, hana hamu ya kukaa na dalali. Mwishehe alifurahi sana kuligundua jambo hilo, ila hakumwambia mzee.

Siku ya kwenda bomani ilipokaribia, mzee alimpa kazi ya kufanya peke yake, shamba la minazi kule Pangani ya Kibaha.

"Ni langu, nimerithi kwa baba," alisema. "Mnunuzi yupo. Wewe kalitazame tu."

Mtu mwingine angelitazama tu. Mwishehe alipiga hodi nyumba ya jirani. Akatoka mama wa makamo, jina lake Bi Tatu.

"Shikamoo, mama. Naomba maji ya kunywa."

"Marahaba." Akaleta maji, akasimama.

"Mbona hukai, mama?"

"Nikae nizungumze nini na mtu aliyekuja kuuza minazi yangu? Mwinyijuma ni kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja. Tangu baba afariki nangoja fungu langu. Kunywa, mwanangu, maji hayana kosa."

Mwishehe aliyanywa kwa shida. Njiani aliogopa, tusidanganyane. Leseni yake ilikuwa mdomoni mwa mtu yule yule, na kunyamaza kulikuwa rahisi. Tena akajiuliza, mzee alisahau kwamba ataomba maji, au alidhani mwanafunzi wake bado hajajua maana yake?

Alipofika Kisarawe alimkuta mzee barazani.

"Mzee, lile shamba siliuzi."

"Kwa nini?"

"Nimeomba maji."

Mzee alivua kofia, akaishika mapajani, kisha akainuka akaingia ndani. Mwishehe akajua leseni imekwenda zake, na roho ilimuuma.

Hata hivyo siku ya bomani alikwenda, maana asingevumilia kutojua mzee atasema nini. Alimkuta Mzee Mwinyijuma amekwisha fika, na pembeni yake amekaa Bi Tatu. Bwana Shauri akauliza kama mtu huyu ameiva.

"Ameiva," mzee akasema. "Amekataa kuuza shamba langu." Akamgeukia dada yake. "Shamba letu."